Gunia Lenye Alama Mbili

Saa moja na dakika arobaini asubuhi nilianza kazi katika stoo ya dawa za miti, Kitengela. Hajji mwenye stoo alinikabidhi kisu na gunia la magome kutoka misitu ya Kwale. "Gome likishakauka halina jina," akasema. "Jina lake ni alama."

Alama ni kitawi chenye majani ambacho mchumaji hukifunga pamoja na kila fungu la magome ya mti mmoja. Bila alama, hata mzoefu hukosea. Nilichambua magome miaka sita, nikajinunulia vitabu vya mimea, nikajaza madaftari manne. Hajji akanifanya msimamizi wa tawi la Kajiado. Hapo nikaanza kujiamini.

Siku moja ya mnada wa mifugo lilifika gunia ambalo kamba za mafungu zilikuwa zimekatika. Juu palikuwa na alama ya mbambakofi, mti wa dawa usiodhuru. Nilikata gome, nikalinusa, nikaridhika. Nikamuuzia vipande vitatu Mama Naisula, aliyewapikia wauza ng'ombe supu ya dawa. Baadaye nilipolimimina gunia, chini kabisa nilikuta alama ya pili: majani ya mwavi. Gome la mwavi ni sumu, husimamisha moyo.

Nilikimbia hadi mnadani. Wazee wawili walikuwa wakipuliza vikombe vya supu, hawajaonja.

"Mama, usimpe mtu!"

"Daktari wa daftari, leo umekuja kunifunza supu?"

"Nimekuuzia gome nisilolijua."

"Na vile ulinusa kama mbwa wa polisi! Hii ni mbuzi mbili niko nayo hapa. Nani atalipa?"

"Mimi."

Alinitazama, kisha akawanyang'anya wazee vikombe. Tuliimwaga sufuria pamoja, akinitukana kwa Kimaasai mpaka tone la mwisho.

Nilimpigia Hajji simu, nikamweleza yote.

"Ungeweza kunyamaza," alisema.

"Ningeweza."

"Basi kesho fungua duka kama kawaida. Gunia lichome. Bei yake utailipa wewe."

Sasa nimestaafu. Vijana wanaochukua kazi hii huniuliza kama vipande vile vilikuwa vya mbambakofi au vya mwavi. Sijui, na nilimwaga kwa sababu sikujua. Gunia lilikuwa shilingi elfu kumi na nne, mbuzi wawili elfu kumi na tano. Nililipa kwa miezi minane: elfu ishirini na tisa.