Bidoni za Manjano kwenye Ubao Mweusi

Wakati wa vita, kambi ya wakimbizi pembeni mwa Goma ilipojaa, nilipewa kazi ya kuchora ramani ya mabomba ya maji kwenye ubao mkubwa wa mlangoni. Shefu wangu, mkubwa wa kazi, alitaka ardhi iwe ya kijani na kila bomba liwe tone la buluu. Nilikataa. Kijani gani, na sisi tunakanyaga mawe meusi ya volkano? Na buluu kwetu ni ziwa. Watu wangeteremka huko. Nikapaka ubao wote rangi nyeusi, na kila penye bomba nikachora bidoni ya manjano, dumu la maji lilelile ambalo mama zetu hubeba mgongoni kwa kamba ya kipajini. Shefu akanung'unika kwamba nyeusi ni rangi ya matanga. Nikamwambia asimame ng'ambo ya barabara atazame. Bidoni ziliwaka kama taa.

Kesho yake mama mmoja alinijia amefura kwa hasira, bidoni yake tupu.

"Papa, futa ile ya karibu na kanisa! Robine imekauka, haitoi hata tone la maji, unatutembeza bule!"

Shefu akacheka, akidhani nimeaibika. Mimi nilichukua brashi, nikaenda kuifuta huku nikipiga mluzi. Mtu hagombani na picha asiyoiona.