Wankuru na Rangi ya Dirisha

Nakumbuka siku ile kule Nyanungu, mwanangu, nikiwa na mimba ya Mwita, kifungua mimba wangu. Hamu ya udongo ilikuwa imenishika, na sisi wanawake wa huku unatujua: tunabandua kipande cha ukuta wa nyumba, tunatafuna, siku inapita. Basi nikapita kwenye nyumba ya zamani ya mwenye duka, mlango wake wa buluu unabanduka maganda ya rangi. Nikaonja ganda moja. Tamu! Mama mkwe wangu, Robi, akanikuta nalamba vidole.

"Tema! Ukuta wetu nimeukanda mimi kwa miguu yangu, najua kilichomo. Hiyo aliikoroga nani?"

Nikatema. Nikasukutua mdomo.

Sasa nisikilize vizuri, maana nimechoka kurudia. Chacha, mtoto wa Mwita, kahamia Morotonga, kwenye nyumba ya zamani ya matofali, madirisha ya mbao yamepakwa rangi juu ya rangi tangu enzi za sijui nani. Nimeenda kuwaona, namkuta kitukuu changu Wankuru, hata kukimbia bado, amesimama dirishani anaguguna mbao kama muwa. Mdomo wote kijani.

"Chacha, hiyo rangi ipimwe."

"Shikamoo kwanza, Bibi."

"Marahaba. Ipimwe."

"Rangi ni rangi tu, Bibi. Mtoto anaota meno."

"Akiota meno ndiyo apewe dirisha?"

Mkewe, Gati, akacheka sana. Tumbo lake liko mbele, mimba kubwa, na kucha zake zina kijani kilekile. Mimi sikucheka. Nikaenda kwa bwana afya wa kata, nikakaa kwenye benchi lake mpaka akanyanyuka. Akaja, akachukua maganda kwenye mfuko, yakapelekwa kupimwa. Majibu yakarudi: madini ya risasi, mengi. Yanaingia kwenye damu, yanaharibu ubongo wa mtoto huku bado anacheza na kucheka. Mama mjamzito akiyala, yanamfikia aliye tumboni. Nikamwambia Chacha rangi itoke.

Unadhani Chacha alifanya nini? Alinunua msasa! Akakwangua kavukavu, vumbi nyumba nzima, Wankuru yuko sakafuni analichora kwa kidole, kisha kidole mdomoni. Nikampokonya ule msasa.

"Bibi, si umesema itoke?"

Mtu mzima huyo, ana ndevu!

Gati na Wankuru nimewachukua, wako kwangu. Hospitali wamechukua damu zao. Bado tunangoja majibu, na mimi nikimwona mtoto amekaa kimya tu, namwita jina lake anigeukie.

Kwa hiyo mwanangu, ukihamia nyumba ya zamani, usiulize kodi tu. Bwana afya ameniambia sheria inabana rangi mpya za dukani. Sawa, lakini dirisha la zamani halijasoma sheria. Wewe ndiye wa kumwita mtu alipime. Usilikwangue kavu. Watoto na wajawazito watoke kwanza, palowanishwe, afanye mtu anayejua, vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi, si kwa ufagio. Na mtoto aliyekwisha kulamba, mpeleke hospitali leo, usingoje augue.

Mungu akupe nyumba imara, akujalie watoto wenye akili nyepesi, na akuondolee ubishi wa Chacha. Wale ugali washibe, kuta waziache zisimame.