Siku ya Kupiga Dawa Katika Nyumba ya Eda

Kunguni waliingia nyumbani kwetu na magodoro ya msiba. Baba alipofariki, majirani walileta mikeka, majamvi na magodoro, kama inavyofanywa kwenye kila msiba, na watu wakalala ukumbini, kwenye ushoroba, mpaka jikoni kule uani. Matanga yalipokwisha kila kitu kilirudi kwa mwenyewe, isipokuwa kunguni. Hatukujua wametoka kwenye godoro la nani, na shangazi, dada wa baba, aliyebaki kumsimamia mama katika eda yake, alinikataza hata kuuliza.

"Watu wamekuja kukuzikia baba yako, wewe unakagua magodoro yao?" alisema. Halafu, kwa kuwa utani haukuwahi kumwishia hata msibani, akaongeza, "Na hao kunguni nao wamekuja kuhani. Wamekosa nauli ya kurudi."

Mama alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Alikuwa na pumu tangu ujana wake. Kipampu chake kilikaa chini ya mto, na katika nyumba yetu kila mtu alijua kilipo kama anavyojua mlango ulipo.

Kwa miezi minne na siku kumi asingetoka nje ila kwa dharura, asingejipaka manukato, asingefukiza udi, wala asingekaa mbele ya wanaume wasio maharimu wake. Sisi wengine tuliweza kuhama. Mimi nilihamishia kitanda changu ushorobani, shangazi akalala kwenye kochi la mbao. Mama alikuwa na chumba kimoja, ambamo ndimo alimokuwa akiishi, na ndimo walimokuwa kunguni. Nyumba zile za mjini kwetu Bagamoyo ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake boriti za mikoko, na hakuna ukuta usio na ufa. Mikono yake ilijaa vipele vilivyopangana mstari. Asubuhi nilikuta vidoa vya damu kwenye foronya, na ukiinua godoro unapata ile harufu yao, kama tunda lililoanza kuchacha.

Tulijaribu tulivyojua. Jua la kuanikia magodoro halikuwepo, ilikuwa masika. Tulimwaga maji ya moto kwenye maungio ya kitanda. Shangazi akapaka mafuta ya taa, na mvuke wa mafuta yale ukamkaba mama kifua mpaka nikadhani hatutafika alfajiri. Baada ya hapo nikamtafuta mtu wa kupiga dawa.

Alikuja na bomba lake mgongoni, mtu mpole, mwenyeji wa upande wa Kiwangwa, ambako alianza kwa kupiga mikorosho dawa kabla hajahamia kwenye nyumba za watu. Glovu hakuwa nazo. Puani alijifunga kitambaa. Dawa ilikuwa kwenye chupa ya soda ya plastiki. Nilimuuliza ni dawa gani, akasema ni ya kunguni. Nilimuuliza kwa nini haimo kwenye chupa yake, akasema chupa yake ni kubwa, haibebeki. Lakini masharti aliyajua vizuri na aliyasema bila kukwama.

"Dada, watu wote watoke. Kuku watoke, paka atoke. Vyakula na vyombo vyote nje, maji yafunikwe. Mkishatoka, hakuna kuingia mpaka alasiri. Mkirudi mnafungua madirisha yote, halafu mnatoka tena mpaka harufu ikatike. Hapo ndipo mnaingia."

"Kuna mtu hawezi kutoka," nilimwambia.

"Mgonjwa?"

"Yuko eda."

Alishusha bomba chini. Yeye ni Mkristo, lakini mtu hakui katika wilaya hii bila kujua eda ni nini. "Basi siku hiyo itabidi awezeshwe," alisema.

Nilikwenda kwa shekhe wa msikiti wetu. Alinisikiliza, akauliza kuhusu pumu, akajibu kwamba dharura ni dharura: mjane aweza kutoka mchana kwa haja ya kweli, ilimradi usiku alale nyumbani kwake. Nilirudi karibu nikikimbia. Nilidhani kazi imekwisha.

"Ameruhusu," nilimwambia mama.

"Nimesikia. Ameruhusu, hakuamrisha."

"Mama, ile ni sumu."

"Sijasema si sumu." Alikuwa ameketi kitandani, anajikuna kiwiko kwa kiganja ili asijichubue. "Baba yako alinioa, akaniingiza humu, hakuniacha hata siku moja nilale pengine kwa shida. Hizi siku ni zake. Nikitoka, nitakuwa nimezikata katikati."

Shangazi hakumtetea wala hakunitetea. Alisema tu kwamba watu wanaona, na kwamba mjini kwetu mjane akionekana njiani leo, kesho anasemwa yuko sokoni.

Zamani uani petu palikuwa na mlango wa kwendea kwa jirani. Wanawake wa nyumba mbili walipita hapo bila kugusa njia kuu. Nyumba ile iliuzwa, ikawa nyumba ya wageni, na mlango ukazibwa kwa matofali ya saruji. Kama ungekuwepo, mama angekaa upande wa pili mchana kutwa, na nisingekuwa na haja ya kuandika haya. Niliutazama ule ukuta mara nyingi wiki ile.

Tukakubaliana jambo la katikati, na kama mambo mengi ya katikati, kila mtu alilikubali kwa kuwa hakulipenda. Mama angekaa jikoni uani, mlango umefungwa asionwe na mwanamume anayepita na bomba, tambara limesokomezwa chini ya mlango. Nyumba kubwa ingepigwa dawa na kufungwa. Fundi akishaondoka, mama angeweza kutoka na kukaa uani, hewani, mpaka jioni. Fundi alisita, akatazama jiko, akatazama upepo unakotokea, akasema sawa.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Tulitoa vyombo, unga, mchele, nguo. Mtungi wa maji tuliufunika kwa sinia na kuufunga kwa kanga. Mama aliingia jikoni na msahafu wake na kigoda. Fundi alipiga dawa chumba hadi chumba akianzia cha mama, kitanda juu na chini, nyufa, fremu za milango. Alipomaliza alirudia masharti yake mbele yangu na shangazi, akaenda zake. Adhuhuri ilikuwa bado. Mama alifungua mlango wa jiko, akatoka uani, akakaa penye hewa. Alikuwa mzima. Kwa kuwa hakukuwa na namna ya kupika, nilikwenda kununua chakula kwa mama ntilie karibu na soko. Foleni ilikuwa ndefu na maharage hayakuwa yameiva, nikangoja.

Niliporudi niliona viatu mlangoni. Jozi kadhaa za ndala na kobazi za kike, zimepangwa kwa adabu, zina tope jekundu ambalo si la mjini kwetu. Mzee mmoja alikuwa amekaa barazani, fimbo katikati ya magoti. Sikuweza kumpita.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye binti? Pole. Poleni sana. Sisi tulichelewa."

"Tumeshapoa. Ndani kuna nani?"

"Wenzangu. Wako na mama yako, wanampa pole."

Niliingia. Ile harufu ilinipiga kwenye koo. Chumbani kwa mama wanawake wanne walikuwa wameketi mkekani, migongo imeegemea kuta ambazo dawa yake ilikuwa haijakauka. Kila mmoja alikuwa ameuvuta ushungi wake kufunika pua, polepole, kwa namna ambayo mtu angeweza kudhani ni huzuni. Kikapu cha mihogo kilikuwa sakafuni. Dirisha limefungwa. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mahali pake pa kupokelea pole, ncha ya kanga mdomoni.

"Hawa ni watu wa baba yako wa Fukayosi," aliniambia. Sauti yake ilikuwa imeshaanza kuwa nyembamba. "Mvua ilikata njia, ndiyo maana hawakuwahi maziko. Wasalimie."

Niliwasalimia. Wakanijibu mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakanipa pole. Kila jibu lilichukua pumzi.

"Chumba hiki kimepigwa dawa ya wadudu leo asubuhi," nilisema. "Hakijafaa kuingiwa."

Yule mkubwa wao alishusha ushungi kidogo. "Tulisikia harufu tangu mlangoni. Tukadhani ndivyo zilivyo nyumba za mawe."

"Naomba mtoke. Wote. Sasa hivi."

Shangazi alitokea nyuma yangu. "We mtoto, unafukuza watu wa msiba?"

"Ndiyo."

"Wamekanyaga matope tangu alfajiri kuja kumwona mke wa ndugu yao. Ulitaka niwaambie nini? Wifi yangu yuko jikoni, na masufuria?"

Mjane hupokea pole chumbani mwake. Hapokei uani kama anayeanika dagaa. Shangazi alikuwa na akili zake timamu. Alisikia masharti yote niliyoyasikia mimi. Ila masharti ya fundi yalitoka asubuhi ile, na haya mengine alizaliwa nayo.

Wale wanawake walinyanyuka bila kinyongo, wakichukua kikapu chao. Nikakiomba, nikasema mihogo ile isiliwe. Hapo ndipo nilipoona wameumia. Mama alikuwa wa mwisho kusimama. Barazani alikuwepo yule mzee, kwa hiyo hakukubali kutokea mbele. Tulimrudisha uani kwa kupitia nyumba nzima, chumba baada ya chumba, katika hewa ileile.

Kifua kilimbana kabla ya magharibi. Kipampu kilisaidia, kikasaidia kidogo, kikaacha kusaidia. Midomo yake iligeuka rangi. Nilileta bajaji mlangoni, naye akashika kizingiti kwa mikono miwili.

"Hii ndiyo dharura, wifi," shangazi alisema, akimvalisha buibui kama mtoto. "Hii ndiyo yenyewe. Twende." Alikuwa analia na hakuficha.

Hospitalini daktari aliuliza ni dawa gani. Nilimpigia fundi.

"Nilichanganya mbili, dada. Kunguni wa siku hizi sugu."

"Mbili zipi?"

"Moja ni ya mikorosho. Nyingine nilipimiwa dukani."

"Inaitwaje?"

"Mama anaendeleaje?" akauliza.

Daktari hakutulaumu. Alisema mapafu yale yalikuwa yamechoka kabla ya siku ile, na sasa yamechoka zaidi, na kwamba wangefanya wanachoweza bila kujua jina la walichokuwa wakipambana nacho. Mama alilazwa wodini, kati ya watu, usiku baada ya usiku, nje ya nyumba yake. Aliuliza mambo mawili tu: kama eda yake imevunjika, na kama watu wa Fukayosi walifika salama. La kwanza shekhe alimjibu kwamba haikuvunjika. Alimshukuru, akageukia ukutani.

Kabla hajarudi nilisafisha chumba. Nilisugua kuta na sakafu kwa sabuni, nikafua kila kitambaa, nikaacha madirisha wazi mchana na usiku. Nilifanya hivyo ili apate hewa. Niliiosha pia dawa iliyotakiwa kubaki nyufani kuua wale watakaoanguliwa. Fundi alikuwa amesema lazima arudi mara ya pili, kwa ajili ya mayai. Alipopiga simu nilimwambia asije. Hakubisha. Nadhani alikuwa na hofu nasi kama tulivyokuwa nayo naye.

Wakaanguliwa. Vidogo, karibu havionekani, rangi ya chai iliyozidi maziwa. Sasa hatuna la kufanya nao. Dawa haiwezi kuingia tena chumbani mle, wala mafuta ya taa, wala ile ya unga inayouzwa sokoni. Kila siku namhamishia mama kwenye kiti, naegemeza godoro, nachemsha maji, napita mshono kwa mshono. Nikimaliza najua sijamaliza. Yeye ananitazama na kusema niache, nitajichosha, na kusema hivyo tu kunamchosha.

Siku ya kutoka eda wanawake walikuja na maji, kanga mpya na vitumbua. Walimwogesha, wakamvika. Shangazi alikuwa amepanga wampeleke kuwashukuru majirani walioleta magodoro, nyumba baada ya nyumba, kama inavyopasa. Mama alisimama, akashika bega langu, tukapita ushoroba. Alipumzika ukumbini. Alipumzika tena mlangoni, ameshika fremu, watu wakitazama kando kwa heshima. Njia ilikuwa kavu, masika yamekwisha, na jirani wa kwanza alikuwa ameshasimama nje kumpokea.

"Mwambieni aje yeye," mama alisema.

Tukamgeuza, tukamrudisha ndani.