Gitaa Kavu na Usingizi wa Baba Yao

Mume wangu alikuwa kwenye tanuru la shaba, zamu ya usiku, na asubuhi alilala. Mtu wa tanuru asiyelala ni mtu wa kuungua. Basi mtoto wetu wa kwanza alipoleta orkestra yake ya rock uani kwangu, nilichomoa waya wa ampli, kile kikuza sauti cha magitaa, nikaufungia sandukuni.

"Mama, bila ampli si ni muziki ya bazee?"

"Pigeni kama bazee. Baba yenu akilamuka, munatoka."

Walikuwa na shida yao. Mara mbili walipiga katika ukumbi wa kambi ya wafanyakazi, mara mbili watu walitoka wakiziba masikio. Baba yao alikuwa amesema: watu wakitoka mara ya tatu, magitaa yanauzwa na mwanangu anaandikishwa tanuruni. Mimi sikutaka. Nyumba moja, tanuru moja, inatosha.

Basi kila asubuhi wakatunga kwa gitaa kavu, lile lisilotaka umeme, wamekaa juu ya makreti. Sombe yangu, majani ya muhogo, nikaenda kuitwanga kwa jirani, kinu kisimwamshe baba yao.

Niliporudi kupika, nikaona kitu. Kwenye ampli, kizuri na kibaya vyote vinapiga kelele. Kwenye gitaa kavu, mstari mbovu unabaki uchi. Wa besi, aliyezoea kujaza kila nafasi, akajifunza kungoja. Wa ngoma alipiga magoti yake kwa viganja. Mwanangu aliondoa maneno, akaondoa tena, mpaka ukabaki wimbo wa mwanamke anayemngojea mume wa zamu ya usiku. Sikumsifu. Mtoto hasifiwi machoni. Lakini siku ile mboga yangu iliungua.

Jumapili, mchana, siku ya kupiga ukumbini mara ya tatu, nikawarudishia waya. Zamani walianza wote pamoja kama mabati yanayoanguka. Sasa gitaa moja la umeme lilianza kwa vidole, polepole, kama uani kwangu. Wengine wakangoja, na walipoingia, sauti ya mwanangu ilibaki juu yao. Hakuna aliyetoka. Wamama waliacha kuongea.

Nikamtazama mume wangu. Mikono ameikunja, midomo inatembea. Maneno ya wimbo yalimtoka kabla ya mwimbaji.

"Weye umeyajulia wapi?" nikamuuliza.

"Uko unauliza? Mwezi muzima sikulala vizuri hata asubuhi moja."

"Na haukusema."

"Ningesema, ungebafukuza."

Jumatatu alirudi kutoka kazini, akanawa, akala bukari yake, ugali wetu wa huku. Kisha akasogeza kitanda karibu na dirisha la uani, akalifungua.