Mama Gundi na Makasha ya Vitabu vya Utao

Maktabani walimwita Mama Gundi, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Vidole vyake vilikuwa na ngozi ya pili, gundi iliyokauka na kubanduka kama maganda ya kitunguu. Siku binti yake alipoolewa, alimpa mkono mkwewe kwa mara ya kwanza, na maskini yule kijana akashinda akijisugua kiganja kwenye suruali mpya.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza vitabu vilivyochakaa. Aliacha shule kidato cha pili, mama yake alipougua, kwa kuwa yeye ndiye kifungua mimba na wadogo zake walikuwa wanne. Akiwa na miaka kumi na tisa akaingia kiwanda cha uchapaji, akashona daftari miaka kumi na mmoja. Kiwanda kilipofungwa, maktaba ya mji ilimchukua, ikampa chumba nyuma ya choo cha wafanyakazi: meza moja, jiriwa mbili za mbao za kubania vitabu, dirisha lililotazama ukuta, na rafu ndefu aliyoiita wodi. Hapo wodini vililala vitabu vilivyong'oka majalada, vilivyolowa, na vilivyotafunwa na mende, maana mende wanapenda gundi ya mgongo wa kitabu kuliko maneno yaliyomo.

Gundi mbichi haitaki haraka. Ukishaipaka unakaa. Mama Gundi, badala ya kukodolea macho ukuta, alikuwa anasoma chochote kilicholala wazi mbele yake. Ndiyo maana alijua mambo mengi, ila vipandevipande. Alijua kulisha ng'ombe wa maziwa lakini si kumkamua, na alijua kisa cha mauaji mpaka pale askari anapobisha hodi, kwani kurasa zilizobaki zilipotea.

Sasa ikatokea mwalimu mmoja mstaafu wa jiografia akafariki, na wanawe, walipogawana vitu vya baba yao, wakaona vitabu havina wa kuvirithi. Wakaleta makasha matatu maktabani. Mkuu wa maktaba, bwana nadhifu aliyepiga tai hata siku za kufanya usafi, alifungua kasha la kwanza, akachungulia, akalisukuma kwa mguu mpaka kwenye chumba cha Mama Gundi.

"Dini za Mashariki," alisema. "Utao, Ubuddha, Konfusio, na sijui nini tena. Nani atasoma haya hapa kwetu? Tengeneza vinavyofaa, vingine vitakwenda stoo."

"Nitajuaje kinachofaa, mkuu?"

"Si wewe unayesoma mchana kutwa? Soma."

Alisema kwa kejeli, akaenda zake. Mama Gundi akaichukua kama amri.

Vilikuwa vitabu thelathini na kimoja. Mwanzoni alivisoma kama alivyosoma vingine vyote, kwa mwendo wa gundi. Lakini wiki ya pili akakwama. Vitatu kati yavyo vilikuwa kitabu kimoja cha kale cha Kichina, kila kimoja na mtafsiri wake, na yeye hakulijua hilo. Aliona tu kwamba mahali palepale, kimoja kinasema mtu mwenye hekima hafanyi kitu, cha pili kinasema halazimishi kitu, na cha tatu kinasema anakaa kimya. Mtu aliyeshinda kiwandani miaka kumi na mmoja hawezi kuvumilia jambo kama hilo. Akavibeba vyote vitatu mpaka ofisini.

"Mkuu, hapa kuna mpangaji wa herufi aliyelewa kazini."

Mkuu alivaa miwani, akasoma, akacheka mpaka tai ikakaa upande. Kisha akamweleza kwamba Kichina cha kale ni lugha ya maneno machache sana, na kila mtafsiri hujaza mwenyewe yale anayodhani yameachwa. Mama Gundi akarudi chumbani akivisema vitabu vile njia nzima. Hata hivyo, kuanzia siku hiyo alivisoma vikiwa vimefunguliwa vyote kwa pamoja.

Ilikuwa katika mwezi huo ndipo mama mmoja, fundi cherehani, alipokuja. Alikuwa mjane wa makamo, mwenye kibanda cha kushonea mtaa wa nyuma, na ndiye aliyewashonea wafanyakazi wa maktaba makoti yao ya kazi. Alifika mapokezi akaomba kitabu cha kujifunzia Utao. Binti wa mapokezi alidhani anataniwa, akamwelekeza nyuma.

"Dada, samahani kukusumbua," fundi alisema akiwa bado mlangoni. "Mwanangu yuko Uchina, anasomea mabwawa. Amepata mchumba."

"Hongera."

"Hongera ingoje kwanza. Nyumbani kwa binti, bibi yake ni Mtao. Kaka yangu amesema hakanyagi kwenye harusi ya waabudu sanamu, na yeye ndiye mjomba wa kijana, baba hana. Baada ya wiki nane tutazungumza na familia yao kwa simu ya video, tukionana. Sitaki kumkatalia mwanangu jambo nisilolijua. Na kukubali kama kipofu pia sitaki."

Mama Gundi alimwelewa mara moja. Akageuka kwenye rafu, akatoa kitabu kinene kuliko vyote, alichokuwa amekivalisha kitambaa chekundu juzi yake, uti wake umenyooka kama rula. Kilikuwa kazi yake bora kabisa ya mwaka ule. Akampa.

Siku ya nne fundi alirudi na kitabu kimefungwa kwenye mfuko kama kitu kinachoweza kuuma.

"Umenipa nini, dada? Hawa watu wanakunywa zebaki!"

"Zebaki?"

"Zebaki! Ukurasa wa tisini. Wanachemsha mawe na zebaki wapate dawa ya kutokufa, na wafalme wao wanakunywa wanakufa. Nimeshinda nikiiona chai ya mwanangu inakorogwa zebaki. Na lililo baya zaidi, kaka yangu alikikuta mezani akasoma palepale. Sasa ukoo mzima unajua."

Mama Gundi alikipokea kitabu. Alifungua ukurasa wa tisini, akasoma akiwa amesimama, na masikio yakamwaka moto. Kilikuwa kitabu cha historia, na habari hizo zilikuwa za watu wa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Lakini kitabu kizima hakuwa amekisoma. Alisoma sura moja tu gundi ilipokuwa inakauka. Alimchagulia mwenzake kitabu kwa uzuri wa jalada alilolishona yeye mwenyewe.

"Kosa ni langu," alisema. "Nilikupa nisichokijua. Nipe wiki mbili."

Wiki hizo mbili hakugusa kitabu kisicho cha makasha yale. Alivibeba nyumbani vinne vinne, akasoma jikoni, akasoma akingoja nguo zikauke. Mume wake, fundi wa magari aliyestaafu kwa sababu ya mgongo, alikuwa amejinyoosha kwenye kochi siku alipomsomea habari ya kutolazimisha mambo.

"Kumbe!" alisema bila kufungua macho. "Mimi muumini wa siku nyingi, na hamkunipa heshima yangu."

"Hiyo yako inaitwa uvivu. Kitabu kinaieleza mbali."

Lakini jambo lile lilimwingia Mama Gundi kwa sababu alilijua kwa mikono. Mgongo wa kitabu kizee ukiuvuta kwa nguvu, unaondoka na karatasi. Unaulowesha kidogo, unangoja gundi ichoke yenyewe. Akarudi kumenya vitunguu.

Wiki mbili zilipokwisha, kila kitabu kilikuwa na kikaratasi ndani ya jalada, kimeandikwa kwa penseli. Kilichoandikwa *Anza hapa* kilikuwa chembamba, cha wanafunzi wa shule, hakina hata picha ya maana, lakini kilieleza kwa lugha nyepesi kwamba Utao una sura mbili: mafundisho ya wahenga juu ya Tao, yaani Njia, na dini ya mahekalu yenye miungu, makasisi na ibada. Kilichofuata kililinganisha Utao, Ubuddha na mafundisho ya Konfusio, kwa kuwa huko Uchina vyote vitatu vinaweza kukaa katika nyumba moja bila kugombana. Baada ya hapo ndipo kile cha kale, na hapo alikazia kwa herufi kubwa: *Soma tafsiri mbili, usiamini moja.* Kile chekundu aliandika: *Baadaye sana, na usimwachie kaka.* Na kimoja chenye picha ya mwandishi mwenyewe jaladani, macho kayafumba, alikimaliza kwa maneno machache: *Huyu anajisifu tu.*

Walisoma pamoja kila Alhamisi alasiri, fundi akiwa na mapindo ya sketi mapajani, Mama Gundi akiwa na brashi mkononi. Mmoja alisoma, mwingine alipinga.

Alhamisi ya tatu kaka mtu akatokea. Alikuwa seremala, mnene, mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili, na alikuja kumtoa dada yake humo ndani.

"Mdogo wangu, inuka. Umeacha kazi unafundishwa uganga kwenye chumba cha choo?"

Mama Gundi wakati huo alikuwa ameshika mgongo wa kitabu uliopakwa gundi ya moto, na jiriwa moja ilikuwa imelegea. Hakuwa na nafasi ya ugomvi.

"Shikamoo, bwana fundi. Shika hapa, tafadhali. Kwa vidole viwili. Ukiachia kinasambaratika."

Seremala ni mtu wa gundi. Alishika kabla hajafikiri. Baadaye akataka kuachia, akaona kweli kitasambaratika, akabaki ameshika, uso umevimba kwa hasira, kitabu kiko wazi mbele ya pua yake. Dada yake aliinamia pindo lake ili asicheke. Zikapita dakika tano, zikapita kumi.

"Hii jiriwa yako imepinda," alisema hatimaye.

"Najua. Ina miaka mingi."

"Mbao gani hii waliyokupa? Hii ni ya kasha la sabuni." Macho yake yakarudi kwenye ukurasa. "Hapa wanasema wanawakumbuka wazee wao waliofariki. Wanawawekea chakula."

"Ndivyo."

"Sikubaliani nalo."

"Hakuna aliyekuomba ukubali, kaka," fundi alisema. "Zebaki umeiona?"

Alisoma mpaka chini. "Zebaki hapa hakuna," alikiri.

Wiki iliyofuata alileta jiriwa mpya ya mti mgumu, akaifunga mezani mwenyewe, akaijaribu mara tatu. Dini ya watu wale hakuikubali hata siku moja, na hilo alilisema wazi kila alipoulizwa. Lakini neno la waabudu sanamu aliliacha, na harusini alisema atakwenda, kwa sababu kijana hawezi kuoa kama mtoto wa kuokota.

Siku ya simu ilikuwa Jumapili mchana, katika kibanda cha cherehani. Fundi alimwita Mama Gundi akae karibu asije akakwama. Alikuwa amejiandikia maswali kwenye karatasi ya kukatia nguo. Kwenye kioo cha simu akaonekana kijana wake, ameketi wima kama mtuhumiwa, kisha mchumba wake mwenye miwani, kisha bibi kizee mdogo aliyevaa sweta la kijani. Baada ya salamu, fundi alikohoa, akauliza swali lake la kwanza: je, bibi anaielewaje Njia, kwa tafsiri ya kutotenda au ya kutolazimisha?

Kijana alitafsiri kwa shida, mchumba akamsaidia. Bibi alisikiliza, akauliza kitu, akacheka mpaka akashika kifua.

"Bibi anasema kitabu hicho hajawahi kukisoma, mama," mchumba alisema taratibu, na kijana akayapeleka maneno. "Yeye hekaluni anakwenda kufagia na kuchoma udi. Halafu anayaombea magoti yake."

"Magoti yana nini?"

"Yanamuuma akipanda ngazi."

Fundi aliitazama karatasi yake, akaiweka chini. "Mwambie hata mimi. La kulia. Ni la pedali."

Wakazungumza magoti dakika ishirini, wakaonyeshana wanapopaka dawa. Mama Gundi, pembeni, aliumia kidogo. Miezi miwili ya kusoma, na mwenye dini mwenyewe hana habari na kitabu! Mwishoni bibi akauliza ni nani aliyemfundisha mama mkwe maswali yale makubwa. Fundi akamgeuzia simu Mama Gundi, aliyekuwa amekaa na gundi yake vidoleni. Bibi alimtazama kitambo, akainamisha kichwa. Mama Gundi naye akainamisha, hakujua afanye nini kingine.

Kesho yake aliongeza mstari kwenye kile kikaratasi cha *Anza hapa*: *Ukimaliza vyote, muulize mwenye dini.* Mkuu aliuona, akaagiza vitabu vyote thelathini na kimoja vipewe rafu ya mbele, kwa mpangilio uleule wa penseli. Habari ya stoo ikaishia hapo.

Harusi ilifanyika huko Uchina. Fundi alikwenda na kaka yake, akarudi na kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa, salamu za bibi. Ndani kulikuwa na kitabu chembamba cha Kichina, jalada la karatasi la buluu, kilichokuwa mali ya babu wa bibi huyo. Mama Gundi hakuweza kusoma hata herufi moja. Lakini alikigeuza ubavu akavuta kiti. Hakikuwa na gundi mgongoni kama vitabu alivyovizoea. Kila karatasi ilikuwa imekunjwa katikati, mkunjo ukiangalia nje, na zote zilishikiliwa na matundu manne tu pembeni, uzi ukipita juu, chini, na kuzunguka mgongo. Uzi ulikuwa umekatika mahali pawili.

"Bibi anasema ukitengeneze ukae nacho," fundi alisema.

Mama Gundi aliuchora mpito wa uzi kwenye karatasi kabla hajautoa, tundu kwa tundu, akakosea mara mbili na kuanza upya. Kisha akainua sindano kwenye mwanga wa dirisha, uzi ukakataa kuingia.

"Lete," fundi alisema, akautia nta, akautunga kwa mara moja, akamrudishia.