Taa Nyekundu Nyuma ya Nyumba ya Mama

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Niliacha shule darasa la sita. Nimebeba mawe machimboni, nimeuza ndizi kando ya barabara pale Keroka, nimenunua lori ambalo kila fundi aliapa halitawaka, na likawaka. Leo nina duka la mabati na simiti, nina malori matatu, na wale waliokuwa wakinicheka wananiita mheshimiwa wakitaka nipunguze bei ya misumari. Nimedanganywa na wakili, nimedanganywa na polisi, nimedanganywa na shemeji yangu mwenyewe, na sikushtuka. Kwa hiyo haya ninayoyaandika kuhusu majirani wa mama siyaandiki kwa mshangao. Nayaandika kwa hasira.

Mambo ya galaksi yalianza na picha niliyoiona kwenye simu, kitu kama kimbunga cha nyota, kimetulia gizani. Kulikuwa na mteja dukani, mwalimu wa sekondari, nikamwuliza kama mtu wa kawaida anaweza kupiga picha kama ile. Akanitazama viatu, akasema, "Mzee, hiyo inataka digrii."

Neno hilo lilinitosha. Nilinunua darubini kwa mzungu mmoja wa Nakuru aliyekuwa anarudi kwao, nikanunua kamera, nikanunua mota ya kuizungusha darubini polepole kadiri dunia inavyozunguka. Wenye digrii huielekeza mota hiyo kwa nyota ya kaskazini. Hapa kwetu, karibu na ikweta, nyota hiyo haionekani, iko chini kabisa nyuma ya milima. Nilitafuta njia nyingine, nikakosea miezi mingi, nikaipata.

Keroka hakufai kwa kazi hiyo. Stendi inawaka taa usiku kucha, na malori ya Kericho yanakumulika usoni. Nikahamishia vyombo kwa mama, upande wa Nyamira, juu ya mteremko wa majani chai. Mama aliishi peke yake tangu baba afariki. Kaburi la baba liko kando ya migomba, na nyuma ya jiko kuna mahali tambarare ambapo ukisimama usiku huoni taa hata moja.

Januari na Februari, mbingu ikiwa kavu, nilipiga Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani na yetu, ambalo kwetu hupita chini upande wa kusini, juu kidogo ya mikaratusi ya jirani. Aprili masika yananyesha, na hapo ndipo galaksi nzuri zaidi ziko juu, kama kwamba Mungu anatania. Unangoja mvua ikatike, unapata nusu saa, ukungu unapanda kutoka mtoni, umemaliza. Kioo kilikuwa kinalowa umande mpaka mama akanipa leso yake moja niifungie darubini. Galaksi ya Andromeda niliipata Novemba, mikesha kumi na mmoja, picha mia tatu nilizozipanga moja juu ya nyingine kwenye kompyuta mpaka mikono yake ikajitokeza. Niliifanya kubwa, nikaitundika dukani. Mteja mmoja akauliza kama ni mandazi yaliyokanyagwa. Nikamwuzia simiti kwa bei ya juu.

Mama alichungulia darubini mara moja tu. Aliniita Tata, kama kina mama wa kwetu wanavyomwita mtoto wa kiume.

"Tata, hiki ndicho kinakunyima usingizi? Si ni moshi wa jikoni huu."

Lakini kila nilipokwenda nilikuta thermosi ya chai juu ya kigoda.

Sasa, mtu akifanya kazi hiyo hawashi taa nyeupe, kwa sababu jicho likishazoea giza, mwanga mweupe unaliharibu. Unavaa taa nyekundu kwenye paji la uso. Unaiwasha kuangalia waya, unaizima. Unasogea, unaiwasha tena. Mgusii yeyote anayesoma hapa ameshajua ninakoelekea. Kwa wengine nitaeleza: kwetu watu husema omorogi, yaani mchawi, hutembea usiku na moto mdogo mwekundu anaoufunika na kuufunua, ukionekana na kupotea.

Ng'ombe wa jirani alikufa akizaa. Kisha jirani mwenyewe, mgonjwa wa sukari wa miaka mingi, akakatwa mguu. Mke wake alikuwa rafiki wa mama, walichuma chai pamoja tangu mimi niko mgongoni. Akaacha kumsalimia. Zamu ya kikundi cha akina mama kuja kuomba nyumbani kwa mama ilipofika, alipika chai ya watu ishirini, na hakuja hata mmoja. Nikaambiwa na ndugu yangu mdogo, aliyeyasikia kwenye kituo cha kupimia majani chai.

"Wanasema kuna moto nyuma ya jiko la mama," alisema. "Wanasema ni wake."

"Si waje waone ni mimi."

"Hakuna anayetembea usiku kwenda kuangalia moto kama huo, ndugu yangu. Unajua hivyo."

Na kwetu jambo hilo si la kuchekea. Kuna wazee waliochomewa ndani ya nyumba kwa maneno mepesi kuliko hayo. Basi nikafanya vile mtu mwenye akili angefanya. Niliita watu Jumapili alasiri, mchana kweupe, uani kwa mama. Nikaleta soda na mikate. Walikuja, soda haikataliwi. Mzee wa kijiji alikuwepo, mzee wa kanisa alikuwepo, mke wa jirani alikaa mbele. Mama aliketi mlangoni pa jiko, amevaa nguo yake nzuri ya Sabato.

Nikawaonyesha darubini. Nikaiwasha taa nyekundu na kuizima mbele ya macho yao. Nikawapitishia picha. Nilieleza vizuri, mwalimu yule wa digrii asingeeleza hivyo, na niliona mzee wa kijiji anaanza kulegea.

"Hii iko mbali kiasi gani?" akauliza, ameshika Andromeda.

"Mwanga wake umetembea zaidi ya miaka milioni mbili kufika hapa."

"Kwa hiyo unaona mambo ya zamani."

"Zamani kabla ya mtu yeyote kuwepo."

Watu wakacheka kidogo. Hapo mke wa jirani akaweka chupa chini.

"Tata, na wewe hukumaliza shule. Haya yote nani alikufundisha?"

"Hakuna mtu," nikasema. Nilisimama kabisa niliposema. "Mimi sijafundishwa na mtu maishani. Nilijifundisha mwenyewe. Hapa hapa, usiku."

"Hapa hapa," akasema mke wa jirani. "Kwa mama yako."

Hakuna aliyemaliza soda yake. Kwetu wanaamini mtu hajifunzi mwenyewe mambo ya usiku, hurithishwa, na anayemrithisha ni mama yake. Waliaga kwa adabu, mmoja mmoja, wakampita mama pale mlangoni bila kumpa mkono.

"Ungesema ni simu iliyokufundisha," ndugu yangu aliniambia tulipokuwa tunakusanya chupa. "Si ni simu?"

"Nilikuwa nawaambia ukweli."

"Ulikuwa unajisifu."

Mpaka leo hatuongei vizuri. Mtu ajisifie nini kama si alichokifanya kwa mikono yake?

Wiki hiyo mawe yakaanza kuanguka juu ya mabati ya mama. Usiku wa tatu yalivunja dirisha. Nilikwenda kwa mzee wa kijiji, akaniambia kwa sauti ya chini nimwondoe mama mapema, bado watu wanatupa mawe tu. Nilimtafutia kiwanja Ogembo, karibu na dada yangu aliyeolewa huko. Mama hakulia. Siku ya kuhama alikwenda peke yake kwenye migomba, akang'oa magugu juu ya kaburi la baba, akarudi akapanda lori mbele, na begi lake mapajani.

"Nikifa utanirudisha nizikwe hapa kando yake?"

"Nitakurudisha, mama."

"Wachimbaji wa kaburi watakuwa akina nani?"

Nikawasha lori tukaenda Ogembo. Sasa ana umeme, ana maji ya bomba, taa za soko zinaingia mpaka chumbani, na majani chai yake yanachumwa na watu ambao hawajaomba. Darubini nimeiuza kwa hasara. Nikiiacha hasara hiyo, nikajumlisha kiwanja, nyumba ya vyumba viwili, tangi, safari za lori na dirisha lile la Nyamira nililolitengeneza bure, nimelipa shilingi milioni moja, laki tatu, elfu themanini na nne, mia sita na hamsini.