Chupa ya Mwisho ya Torleif

Jirani yangu Ragnfrid ni mbishi kupindukia, na nasema hivyo kwa kuwa nampenda. Mumewe, Torleif, alikuwa akiyeyusha maini ya samaki aina ya chewa kupata mafuta kwenye banda lao la mashua, na kila asubuhi ya majira ya baridi walikunywa mafuta hayo kijiko kimoja kimoja, kabla ya kahawa. Torleif alifariki vuli iliyopita. Kufikia Februari, katika chupa alizoacha ilikuwa imebaki moja.

Wakati huohuo vidole vya Ragnfrid vilianza kuchubuka, midomo ikapasuka, nywele zikabaki kwenye kitana. Akaamua mwilini mwake mafuta yamepungua. Akaongeza kijiko cha pili. Binti yake Synnøve akamtumia kutoka mji wa Bodø vidonge vya omega-3, mafuta ya samaki, eti vinalainisha ngozi; navyo akavimeza. Na Februari hapa kwetu ni chewa wa kuchemsha na maini yake, na tunatambiana kwa idadi ya sahani. Ngozi ikazidi kuharibika.

Kilichomuuma hasa ni gauni la ubatizo. Mtoto wa Synnøve angebatizwa Pentekoste, apewe jina la Torleif, na katika ukoo wao bibi ndiye anayetarizi jina la mjukuu kwenye pindo kwa uzi wa hariri. Kila alipojaribu, vidole vyake vilinasa uzi na kuuchambua. Siku damu ilipodondokea kitambaa, nilimburuta kwa nesi Gunnvor.

"Mama, unakula maini?" Gunnvor akauliza.

"Ni Februari, mwanangu. Ulitaka nile jibini?"

"Na vidonge? Na kijiko?"

"Vijiko viwili. Ngozi yangu ina kiu."

"Haina kiu, mama, imezidiwa. Samaki unaowala wanakupa omega ya kukutosha. Maini na mafuta yake yana vitamini A, na ikizidi ndiyo inakuchubua hivi. Kula minofu. Maini, chupa, vidonge, vyote weka kando mpaka upone. Baadaye utachagua kimoja, kwa kipimo."

Damu ilipopimwa, majibu yakathibitisha maneno ya Gunnvor.

Tulipofika kwake, Ragnfrid aliishika chupa ya Torleif.

"Haya mafuta yataharibika kabla ya kiangazi," akasema. "Kumbe ameniachia kitu cha kumwaga?"



Vidonge alivirudisha Bodø bila hata salamu. Chupa aliiweka mezani, imefungwa, kando ya kikombe cha kahawa. Nilipopita asubuhi nilimsikia akiiambia, "Umeamkaje, mzee?" Nikaendelea na safari yangu.

Mwezi Mei ngozi ilikuwa imepona. Nikamkuta kwenye banda la mashua, brashi mkononi. Alikuwa amechanganya udongo mwekundu na mafuta ya ile chupa, kama walivyofanya babu zetu, anapaka mlango uliopauka.

"Wewe! Unampaka mume wako mlangoni?"

"Miaka yote aliniambia atapaka kesho," akasema. "Leo anapaka, apende asipende."

Tulicheka mpaka akalazimika kushika ukuta.

Jioni alisugua mikono kwa sabuni mpaka wekundu ukatoka. Harufu ya mafuta haikutoka. Akaketi dirishani na gauni, na uzi ukapita vidoleni bila kunasa hata mara moja. Alipomaliza jina la Torleif, akakata uzi kwa meno, akanusa vidole vyake, akalia.